Pikipiki Imeanguka Kidogo: Cha Kunyoosha, Cha Kubadilisha na Cha Kuacha Kama Kilivyo

Maanguko mengi ya pikipiki hayana hata hadithi ya kusimulia. Unakata kona kwenye changarawe, unateremsha mguu, mguu unateleza, na chombo cha kilo zaidi ya mia kinalala chini polepole huku bado umeng'ang'ania usukani. Au umeegesha kwenye udongo laini, stendi ikazama, ukasikia kishindo ukiwa umeshageuka kuondoka. Huna jeraha, pikipiki ina mikwaruzo miwili mitatu. Unaiinua, unaipangusa vumbi, unapiga kiki na kwenda zako.

Mikwaruzo ndiyo inayouma macho, lakini mikwaruzo haimwangushi mtu. Kinachomwangusha wiki ijayo ni leva ya breki iliyopata ufa usioonekana, mkono wa resi unaosita kurudi, au shokapu za mbele zilizojisokota ndani ya vikamatio vyake. Kwa hiyo tutakwenda kwa mpangilio wa hatari: usukani, resi na breki kwanza, injini baadaye, rangi mwisho kabisa. Ukianza na rangi utaridhika mapema, na ukisharidhika hutakagua tena.

Kabla ya kuiinua

Zima kwa swichi nyekundu iliyo kwenye usukani, kisha geuza ufunguo. Kama ina koki ya mafuta, ifunge. Ukisikia harufu ya petroli au ukiona inachuruzika, asiwepo mtu wa sigara karibu, na usikimbilie kuwasha chochote.

Jikague na wewe. Mwili ukiwa bado wa moto hauhisi maumivu, hasa ya kifundo cha mkono na goti. Kama kofia ngumu iligonga chini ukiwa umeivaa, ibadilishe hata kama nje inaonekana nzima. Ile povu ngumu ya ndani imetengenezwa kubonyea mara moja tu, ikishabonyea hairudi.

Namna ya kuinua: ikiwa imelala upande wa kulia, teremsha kwanza stendi ya pembeni, kwa kawaida iko kushoto, na ingiza gia, ili isije ikakupita na kuangukia upande wa pili. Hilo hutokea zaidi ya unavyodhani, na hapo unakuwa na pande mbili za kutengeneza. Geuza usukani mpaka mwisho kuelekea upande iliolala. Ipe mgongo, egemeza makalio kwenye ukingo wa siti, mkono mmoja ushike mwisho wa usukani ulio chini, mwingine ushike fremu au chuma cha nyuma. Halafu sukuma kwa miguu, ukirudi nyuma kwa hatua fupi. Miguu ndiyo inainua, mgongo unabaki umenyooka. Usishike silensa, bado ni ya moto.

Usiiwashe bado

Pikipiki iliyolala ubavu imeingiza vitu mahali pasipo pake. Petroli imefurika kutoka kwenye kabureta, oili inaweza kuwa imefika kwenye chujio la hewa, na ikilala muda mrefu inaweza hata kuingia kwenye silinda. Isimamishe wima dakika kumi hivi. Kisha, swichi ikiwa bado imezimwa, piga kiki taratibu mara tano sita. Kiki ikigoma kushuka, usiilazimishe. Fungua plagi, piga kiki tena ili kilichomo kitoke, futa plagi, irudishe. Moshi wa bluu kwa dakika moja mbili baada ya kuwasha ni kawaida. Ukiendelea, tazama chujio la hewa.

Angalia kiwango cha oili ikiwa wima, na kama betri ni ile ya kujazwa maji, tazama kama imemwagika. Maji yale ni asidi, hula fremu na nyaya. Osha kwa maji mengi safi, usiguse kwa mikono mitupu.

Pikipiki zenye sindano ya mafuta badala ya kabureta mara nyingi huwa na kihisio cha kuanguka kinachokata injini. Zima ufunguo, subiri kidogo, washa tena. Mtu asipolijua hili anaweza kufungua nusu ya pikipiki kutafuta ugonjwa ambao haupo. Vivyo hivyo swichi ndogo ya stendi au ya leva ya klachi: ikibonyea vibaya, starta haipigi kabisa.

Soma mahali ilipogonga

Kabla ya kushika spana, piga picha. Kisha soma alama. Pikipiki inayolala polepole hugusa chini sehemu tatu au nne tu: mwisho wa usukani, kikanyagio cha mguu, gadi (chuma cha kukinga injini) au kifuniko cha injini, na nyuma silensa au indiketa. Kwa nyingi, upande wa kulia ndiko kuna leva ya breki ya mbele, pedeli ya breki ya nyuma na mkono wa resi. Kushoto kuna klachi, leva ya gia na stendi. Kwa hiyo anguko la kulia lichukulie kwa uzito zaidi, maana umegonga breki zote mbili kwa mpigo.

Upande wa pili, ule mzima, ndio rula yako. Huhitaji vipimo vya kiwandani kujua kama kikanyagio kimepinda. Pima kwa kipande cha mti kutoka ardhini mpaka kikanyagio kizima, kisha peleka mti huohuo upande ulioanguka.

Usukani

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu wanadhani usukani ukikaa upande basi umepinda. Mara nyingi haujapinda. Kilichotokea ni kwamba gurudumu limezuiwa na ardhi, usukani ukasukumwa na uzito wa pikipiki, na shokapu mbili zikajisokota kidogo ndani ya vikamatio viwili vinavyozishika, cha juu na cha chini. Gurudumu linaangalia mbele, usukani unaangalia dirisha la jirani.

Simama mbele ya pikipiki, ishike tairi iwe imenyooka, kisha tazama kikamatio cha juu. Kama kimelingana na gurudumu lakini bomba la usukani limekaa upande, tatizo ni bomba lenyewe au vishikizo vyake vyenye mpira. Bomba lililopinda kabisa libadilishe. La chuma likinyooshwa huwa limedhoofika palepale lilipopindia, na la alumini haliguswi. Kama kikamatio chenyewe hakiko sambamba na gurudumu, shokapu zimejisokota. Hiyo ni habari njema, maana dawa yake ni spana na magoti.

Weka pikipiki kwenye stendi ya kati au mtu aishike. Chora alama kwa kalamu ya wino mzito mahali kila bomba la shokapu linapotokeza juu ya kikamatio, kwa sababu ukilegeza, mabomba yanaweza kupanda. Sasa legeza, usifungue: nati ya ekseli, bolti za madigadi, bolti za kikamatio cha chini. Za juu zilegeze kidogo tu. Simama mbele, bana tairi kwa magoti, shika usukani pande zote mbili, uzungushe kwa mshtuko mfupi kuelekea upande wa kurekebisha. Utasikia kitu kinasogea. Rudi nyuma hatua tatu, tazama. Karibia tena, zungusha tena. Hesabu ya kawaida ni mara tatu au nne, na katika hizo mojawapo utapitiliza.

Ukiridhika, hakikisha zile alama za kalamu ziko palepale, kisha kaza vikamatio, cha juu na cha chini, ukipokezana kushoto na kulia kidogokidogo. Ekseli na madigadi viache bado vimelegea. Shika breki ya mbele, bonyeza usukani chini kwa nguvu mara tano sita ili miguu ya shokapu ijipange yenyewe. Ndipo ukaze ekseli, madigadi mwisho. Ukikaza ekseli kwanza, shokapu zitakaa zimekabana na utaziona ngumu kila ukipita kwenye tuta. Kama breki ya mbele ni ya ngoma, angalia kwamba ule mfereji kwenye bamba la breki umeingia kwenye kishikizo chake kwenye mguu wa shokapu. Usipoingia, breki inaweza kuzunguka na tairi siku utakapoikamata kwa nguvu, na gurudumu likagoma.

Ikiwa baada ya yote hayo usukani bado unarudi upande, au shokapu zinakwama zikibonyezwa, bomba limepinda. Litoe, ulibiringishe juu ya kioo kinene kilicholala tambarare: lililopinda utaliona likiruka. Upindo mdogo usio na kunyanzi fundi mwenye mashine ya kukandamiza anaweza kuunyoosha. Lenye kunyanzi ni la kutupa.

Malizia kwa kuinua gurudumu la mbele na kuzungusha usukani kutoka mwisho mpaka mwisho kwa vidole viwili. Ukihisi pahala panaponasa, hasa katikati, beringi za usukani zimepata makovu. Tazama pia kama nyaya zinavutika au usukani unagusa tanki.

Mkono wa resi

Uvute mpaka mwisho, uachie. Unatakiwa urudi wenyewe kwa kishindo kidogo, usukani ukiwa katikati, kushoto, na kulia. Ukirudi kivivu, mara nyingi mpira wa mkono umesukumwa ndani ukagusa kasha la swichi, au kizibo cha mwisho wa usukani kimebonyea kikausugua. Legeza skrubu za kasha, lisogeze milimita moja mbili, kaza. Mchanga ukiingia ndani, fungua, pangusa, na usijaze grisi nzito inayokusanya vumbi.

Mchezo wa kawaida, yaani ule mwendo mtupu kabla ya resi kuanza kuvuta, ni kama milimita 2 hadi 6. Ukisha kuwasha injini, iache iungurume yenyewe na zungusha usukani pande zote. Mlio ukipanda bila wewe kuvuta, waya wa resi umekaa vibaya au umebanwa. Usiende popote na hali hiyo.

Leva na breki

Leva ya breki ya mbele iliyopinda, ibadilishe. Najua inaonekana kama inaweza kunyooshwa, na kweli inanyooka. Lakini leva nyingi ni alumini ya kumimina, na ukitazama kwa karibu pale ilipopinda utaona rangi imechanika na vistari vyeupe kama nywele. Hivyo ndivyo ufa unavyoanza. Itakubeba siku zote za kawaida, halafu ikatike siku ile utakayoikamata kwa nguvu zote. Leva ya klachi ninaivumilia zaidi: ikipinda kidogo nitafika nayo nyumbani, kisha nitanunua nyingine. Iliyokatika ncha tu, piga tupa ile sehemu kali isikukate vidole.

Ukifunga leva mpya, bolti za kishikizo chake zikaze kiasi cha leva kutosogea kwa matumizi ya kawaida lakini kuzunguka ukiisukuma kwa nguvu. Pikipiki ikilala tena, leva itazunguka badala ya kuvunjika. Klachi iwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha. Chungulia waya wake unapoingia kwenye leva. Nyuzi moja au mbili zikiwa zimekatika, badilisha waya wote.

Kwa breki ya diski, angalia chombo cha mafuta ya breki na kifuniko chake. Kamata leva kwa nguvu nusu dakika. Ikizama polepole kuelekea usukani, kuna mahali panavuja. Ikiwa laini kama sponji, hewa imeingia: jaza mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4, unganisha mpira mwembamba kutoka kwenye chuchu ya kalipa (kile kifaa kinachobana diski) hadi kwenye chupa yenye mafuta kidogo, kamata leva, fungua chuchu, funga, ndipo uachie leva. Rudia mpaka viputo viishe, na usiruhusu chombo cha juu kukauka. Mafuta haya hula rangi, tone likidondoka kwenye tanki osha kwa maji mara moja.

Pedeli ya breki ya nyuma ikisukumwa ndani hugusa kifuniko cha injini, na unaweza kuwa unaikanyaga bila kufika mwisho wake. Inyooshe ikiwa imetolewa, kisha angalia kama inarudi yenyewe na kama taa ya breki inawaka na kuzimika.

Leva ya gia, na uvivu wangu

Siku moja niliona tabu kufungua bolti moja ya namba 10. Leva ya gia ilikuwa imebonyea ndani ikakaribia injini. Nikachomeka bomba nyuma yake, nikaivuta ikiwa palepale. Ilinyooka vizuri mno, nikajisifu. Asubuhi nikakuta doa la oili la upana wa kiganja chini ya pikipiki. Nilikuwa nimevuta leva pamoja na shafti yake, na sili, ile pete ya mpira inayoizunguka shafti kuzuia oili, ikaachia upande mmoja. Kazi ya dakika mbili ikanila siku nzima, pamoja na oili.

Kwa hiyo: chora mstari kwenye shafti ukielekea kwenye ule mpasuo wa leva, ili ujue meno yalikaa wapi. Toa bolti yote, usiilegeze tu, maana nyingi hupita kwenye mfereji wa shafti na leva haitoki ikiwa bado ndani. Bana leva kwenye jiliwa, inyooshe taratibu kwa bomba refu. Ya chuma hukubali. Ya alumini hukatika, usijisumbue nayo. Kabla ya kurudisha, zungusha shafti kwa mkono na uitazame kama inayumba. Ikiyumba, imepinda, na hapo injini itafunguliwa.

Kikanyagio cha mguu nacho kina siri yake. Kikipinda chenyewe si neno, lakini angalia pale kinapoungwa na fremu: weldi ikipasuka utaona kistari cha kutu au rangi iliyobanduka kwa umbo la nywele.

Magurudumu

Haraka tu, kwa sababu anguko la polepole mara chache huyagusa. Inua gurudumu, funga kipande cha waya kwenye shokapu ncha yake ikaribie rimu, zungusha. Likiyumba zaidi ya milimita 2 hivi, lina kazi. Kwa rimu ya spoki, gonga kila spoki kwa spana ndogo: iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa sauti ya kufa. Kaza robo mzunguko kwa wakati, si zaidi. Rimu ya alumini yenye ufa haichomelewi, inabadilishwa.

Kifuniko cha injini kikipasuka

Kifuniko kilichochubuka kiache. Kilichopasuka kinatoa oili, na oili ikifika kwenye tairi la nyuma utaanguka tena, safari hii si polepole. Dawa ya kudumu ni kifuniko kingine na gasketi mpya. Dawa ya kuvusha ni gundi ya epoksi ya chuma. Futa oili kabisa, safisha kwa petroli au spirti mpaka kitambaa kitoke cheupe, kwaruza kwa msasa namba 80 ili gundi ipate kushika, toboa tundu dogo kila mwisho wa ufa usiendelee kukimbia, paka, acha saa 24. Gundi ikipakwa juu ya oili hubanduka kama ganda la kidonda.

Ukifungua kifuniko, bolti huwa za urefu tofauti. Zichomeke kwenye kadibodi kwa umbo la kifuniko chenyewe. Bolti ndefu ikiingia kwenye tundu fupi hupasua injini. Kaza kwa kupishana, na kwa hizi bolti ndogo za M6 nguvu ni kama Nm 10, yaani spana fupi na kifundo cha mkono, bila bega.

Vioo, taa, plastiki

Kioo kikizunguka kimelegea tu. Angalizo moja: kwenye Yamaha nyingi kioo cha kulia kina uzi wa kinyume, hufunguliwa kwa kuzungusha kama unakaza. Watu wamevunja kishikizo cha leva kwa kutolijua. Indiketa ikimulika haraka kuliko kawaida, balbu ya upande huo haiwaki au waya umekatika. Taa kubwa ikielekea juu, irudishe. Mwanga wake ukutani uwe chini kidogo ya usawa wa taa yenyewe.

Plastiki iliyopasuka ninaishona kwa nyuma: kipande cha wavu wa chuma laini, pasi ya kuchomelea, unauzamisha kwenye plastiki iliyoyeyuka. Mbele hapaonekani. Fanyia nje, moshi wake ni mbaya. Mikwaruzo ya rangi hupunguzwa kwa msasa wa maji kuanzia 800, kisha 1500, kisha 2000, na dawa ya kung'arishia, ilimradi haijafika kwenye chuma. Iliyofika kwenye chuma ipake hata rangi isiyofanana, kutu haijali uzuri. Gadi iliyochubuka mimi siigusi. Ilifanya kazi yake.

Kuijaribu

Mahali pasipo na watu, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kamata breki ya nyuma, kisha ya mbele, kisha zote. Pita gia zote. Ongeza mwendo kidogo, legeza mikono bila kuachia usukani, uone kama inavuta upande. Ikivuta, rudi kwenye shokapu.

Usiku laza kadibodi safi chini ya injini. Asubuhi tone jeusi au la kahawia ni oili, tone lisilo na rangi lenye harufu kali ni petroli, na utajua pa kurudia. Baada ya siku tatu za kuiendesha, chukua spana zilezile upite kwenye kila bolti uliyoilegeza. Moja au mbili zitakubali robo mzunguko.